Si kila nyoka wa Dadaab ana sumu, wala si kila sindano ni dawa yake

Mvua zikianza kunyesha upande wa Garissa, simu yangu hujaa nyoka. Wengi wameshapondwa vichwa, wamelazwa kando ya ndala au rungu ili nikisie urefu wao, na chini ya picha swali ni lile lile: "Huyu ana sumu?" Picha hutoka Hagadera, Ifo na Dagahaley, na siku hizi hata kwa jamaa zetu wa Hola na Garsen. Nilifanya kazi ya uuguzi katika kambi za Dadaab kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi kwetu Malindi, na watu hawajaacha kuniuliza. Nimeona bora niandike mara moja, kwa kituo, kuliko kujibu picha moja moja usiku wa manane.

Msomaji wa Mombasa au Lamu asiseme haya ni mambo ya bara. Kambi za wakimbizi zilizokuwa Utange na kwengineko Mombasa zilipofungwa miaka ya 1990, Wabajuni na Wabarawa waliokuwamo walihamishiwa Dadaab na Kakuma. Walimu, madereva na wauguzi wa pwani wako huko hadi leo. Halafu nyoka wenyewe hawajui mpaka wa kaunti. Fira mkubwa ninayemweleza hapa chini alitambulishwa kwa ulimwengu kutoka Watamu.

Kwanza nieleze kwa nini kambi hizi zina nyoka wengi machoni pa watu. Dadaab ni nchi kame, ya vichaka vya miiba na mchanga mwekundu. Kambi zilianza mwaka 1991 kwa hesabu ya watu 90,000, na katika ukame wa 2011 zikapita laki nne. Panapowekwa watu wengi hivyo na chakula cha mgao, panya hufuata magunia, na nyoka hufuata panya. Nyumba nyingi ni fito, maturubali na mabati, na watu hulala mkekani. Kina mama huenda msituni kutafuta kuni, wakarudi na mizigo ya mathenge, na ule mrundo wa kuni kando ya jiko ndio nyumba nzuri kabisa ya nyoka. Mvua kubwa zikija, kama zile za Novemba 2023, maji hujaza mashimo, na kila kilichomo hutoka kutafuta pakavu. Pakavu penyewe ndipo walipokimbilia watu.

Sasa tuje kwenye kumtambua nyoka. Yako mafunzo watu wanayoyabeba kama sheria, na mengi ni ya kupotosha. La kwanza ni la macho: kwamba nyoka mwenye mboni iliyosimama kama ya paka ana sumu, na mwenye mboni ya mviringo hana. Sheria hii huenda ikamfaa mtu wa Ulaya, ambako nyoka wa sumu karibu wote ni jamii ya bafe. Kwetu itakuua. Fira na mamba mweusi, ambao ndio wa kuogopwa, wote wana mboni za mviringo. Na yule nyoka wa nyumbani wa rangi ya udongo anayekula panya, asiye na sumu hata tone, ana mboni zilizosimama. Isitoshe, mtu aliye karibu na nyoka kiasi cha kumtazama mboni ameshakaribia mno.

La pili ni la kichwa cha pembetatu. Ni kweli bafe ana kichwa kipana kilichoachana na shingo. Lakini nyoka wengi wasio na sumu hutandaza vichwa vyao wakitishwa ili waonekane hivyo hivyo, na mamba mweusi ana kichwa kirefu chembamba, mfano wa jeneza la Wazungu. La tatu ni la rangi. Rangi hubadilika kwa umri, kwa mahali, hata kwa vumbi. Kinachosaidia ni kutazama mambo kwa pamoja: unene wa mwili, mwendo, saa uliyomwona, na anachokifanya akihisi ametegwa.

Nianze na fira, maana ndiye mwenye kesi nyingi za macho. Dadaab wako fira watemao wa aina mbili. Mmoja ni fira mwekundu. Akiwa mdogo ana rangi ya machungwa au ya waridi iliyokolea, na kooni ana mkanda mweusi kama kitambaa alichofungwa. Akikua hufifia, mara nyingi haendi mbali kupita mita moja na kidogo. Huyu ni mtu wa nchi kavu, kutoka Somalia na Ethiopia hadi Tsavo. Wa pili ni fira mkubwa wa kahawia, aliyekuwa akihesabiwa kuwa ni fira mweusi wa kawaida mpaka mwaka 2007, wanasayansi Wolfgang Wüster na Donald Broadley walipoonyesha kuwa ni aina mbali. Wakampa jina Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu mwaka 1980 na ambaye kwa miaka mingi alishikilia kuwa fira huyu si kama wengine. Mzee huyo alifariki mwaka 2004, hakuwahi kuliona jina lenyewe. Ndiye fira atemaye mkubwa kuliko wote duniani; amepatikana mmoja wa mita 2.7, na mmoja aliyekamuliwa Watamu alitoa sumu zaidi ya mililita 6 kwa mara moja. Huyu hula hata nyoka wenziwe, bafe akiwamo.

Watu husema fira "hutema mate". Si mate. Ni sumu ile ile ya kuuma, inayotoka kwenye vitundu vidogo vilivyo mbele ya meno yake, kama sindano iliyotobolewa ubavuni. Akibana misuli ya shavu, sumu huruka mita mbili na zaidi, na hulenga uso. Ikiingia jichoni huwaka kama pilipili iliyosagwa, na mtu asipooshwa jicho linaweza kupata kidonda na kupofuka. Hapa nina ushauri mmoja ambao nimeuona ukiokoa macho: maji, mengi, na upesi. Fungua jicho kwa vidole, mimina maji dakika kumi na tano au ishirini bila kuacha. Kama maji hayapo, na Dadaab yapo masiku maji hayapo, maziwa yanafaa. Yule mama wa Kisomali aliyemminia mwanawe maziwa ya ngamia jichoni alifanya jambo sahihi, ingawa jirani zake walimcheka. Aliyetia mafuta ya taa au maji ya majani yaliyopondwa ndiye aliyeharibu.

Lakini fira huyu huuma pia, na mara nyingi huuma watu waliolala. Huingia usiku akifuata panya, mtoto akajigeuza juu ya mkeka, akaumwa. Sumu yake hula nyama. Ngozi hugeuka nyeusi, hutoka malengelenge, na kidonda huweza kuchukua miezi. Ndiyo maana nilikuwa nikiwaambia wazazi chandarua si cha mbu tu. Kikichomekwa vyema chini ya godoro au mkeka, nyoka hapati njia. Kitanda cha kamba, hata kifupi, ni bora kuliko sakafu.

Bafe, ambaye wengine humwita moma au kifutu, na Wasomali humwita abeeso, ni rahisi kumjua ukishamwona mara moja. Ni mfupi na mnene kama mkono wa mtu mzima, mkia mdogo, na mgongoni ana alama kama herufi V zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Hutembea pole pole, kwa kunyooka kama mdudu, haendi kwa kujipinda. Kosa lake, kama tunaweza kuita kosa, ni kutokimbia. Fira na mamba wakisikia kishindo huondoka. Bafe hutegemea rangi yake ya mchanga na majani makavu, akabaki pale pale mpaka akanyagwe. Ndipo huuma, kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Wengi wa walioumwa naye niliowahudumia waliumwa chini ya goti, magharibi au alfajiri, wakienda chooni au wakitafuta mbuzi. Tochi na viatu vilivyofunika mguu vingewaepusha wengi wao. Huzaa watoto hai, hatagi, na uzazi wake ni wa kustaajabisha: bafe mmoja aliyetoka Kenya, akifugwa katika bustani ya wanyama huko Czech, alizaa watoto 156 kwa mkupuo mmoja.

Yupo jamaa yake mdogo ambaye sisi wa pwani hatukumzoea. Wataalamu humwita Echis. Mimi humwita nyoka wa msasa. Ni wa ukanda mkavu wa kaskazini mwa Kenya na Somalia. Urefu wake mara nyingi haufiki hata mita moja, wengi ni nusu yake. Magamba ya ubavuni yana meno kama ya msumeno. Akitishwa hujikunja mikunjo ya nusu duara, akaisugua mmoja kwa mwingine, na ukasikia sauti kama ya maji yaliyotiwa kwenye kikaango cha moto. Udogo wake huwadanganya watu. Sumu yake huzuia damu kuganda, na mtu anaweza kukaa siku mbili tatu akidhani amepona huku anavuja ndani kwa ndani. Duniani, nyoka wa jamii hii wanahesabiwa miongoni mwa wanaoua watu wengi kuliko wote.

Na hapa pana kituko. Yuko nyoka mwingine, asiye na sumu wala meno ya maana, kazi yake kumeza mayai ya ndege mazima mazima na kulitema ganda baadaye. Rangi yake imefanana na ya nyoka wa msasa, na akitishwa hujikunja vile vile na kusugua magamba vile vile. Ameiga kila kitu isipokuwa sumu. Kuiga huko humsaidia kwa ndege na paka wa mwitu. Kwa binadamu mwenye rungu humponza. Kuwatofautisha kunataka kuwashika mkononi, jambo ambalo silishauri mtu, kwa hivyo ukisikia sauti hiyo ya kikaango ondoka tu, awe ni nani.

Mamba mweusi nimeulizwa kuliko wote, na ndiye niliyemwona mara chache kuliko wote. Kwanza jina lenyewe linatuchanganya, kwa sababu mamba wetu sisi ni yule wa Mto Tana mwenye miguu minne. Pili si mweusi. Ni wa kijivu, au wa rangi ya zeituni, au kahawia. Cheusi ni ndani ya kinywa chake, anapokiachama kukuonya. Ni mrefu, mita mbili na nusu ni kawaida, na hupenda vichuguu na mapango ya miti, zaidi upande wa mtoni kuliko mchangani Dadaab. Hutembea mchana. Sumu yake haivimbishi sana, na hilo ndilo la hatari: mtu huona mguu mzima, akakaa, na baada ya muda kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, pumzi zinakata.

Tisa kati ya hao "mamba" waliouawa kambini na nikaletewa, kwa kukisia kwangu, walikuwa nyoka wa mchanga. Huyu ni mwembamba kama fimbo, wa kijivu mwenye mistari myeusi mgongoni, na hupita kwa kasi mpaka mtu haamini amemwona. Ana sumu hafifu, meno yake yako nyuma ya kinywa, na hajulikani kuleta madhara makubwa kwa mtu. Chakula chake ni mijusi. Kasi na wembamba ndivyo vinavyomfanya auawe kwa jina la mwingine.

Wa mwisho katika wanaosingiziwa ni boa mdogo wa mchangani. Huyu ni mzuri wa kutazamwa: wa machungwa au manjano, mwenye mabaka ya kahawia, mwili mnene mlaini, macho madogo yaliyokaa juu ya kichwa, mkia butu. Hujifukia mchangani akabakisha macho tu nje, na akipita panya humkaba. Sumu hana. Wazungu humnunua na kumfuga majumbani mwao kama paka. Kambini huuawa kwa kuwa mfupi na mwenye mabaka, na watu humdhania mtoto wa bafe. Tofauti ni hii: kichwa cha bafe kimeachana na shingo, cha boa kimeungana na mwili kama kidole gumba, na bafe ukimkaribia hufoka kwa sauti ya kupuliza, boa hujaribu kuchimba aondoke. Wahenga wetu walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na simlaumu anayeshtuka. Lakini nyumba iliyoua nyoka wa panya wote isishangae panya wakizidi, kisha fira akaja kuwafuata.

Mmoja nimtaje haraka kwa sababu ana hila. Ni mweusi, anang'aa, ana kichwa kidogo kisichotofautika na mkia, huishi chini ya ardhi na hutoka usiku baada ya mvua. Mtu akimshika nyuma ya kichwa, kama wafanyavyo wajuaji, huchomwa, maana meno yake hutoka ubavuni bila kinywa kufunguka. Kwa sumu yake hakuna dawa iliyothibitishwa. Watoto waambiwe wasiokote nyoka mdogo mweusi, hata akionekana kama nyungunyungu mkubwa.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Pamoja na maelezo yote haya, hospitali haitibu picha. Mtu akifika, daktari hutazama mwili. Kuvimba kunakopanda kwa kasi na maumivu makali: bafe au fira. Fizi kuvuja damu, au tundu la sindano lisilokauka: wa msasa. Kope kuanguka na kushindwa kumeza: mamba. Kipo kipimo rahisi kisichotaka umeme: hutolewa damu kidogo, ikatiwa kwenye chupa safi kavu ya kioo, ikaachwa dakika 20 bila kuguswa. Ikiinamishwa na damu ikamwagika kama maji, haigandi, na mgonjwa yuko hatarini hata kama anacheka. Ndiyo maana sitaki watu wapoteze saa nzima kumsaka nyoka ili wamlete. Nimeletewa nyoka kwenye ndoo akiwa hai. Hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda. Picha ya mbali yatosha, na ikikosekana si neno.

La pili ni dawa yenyewe. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kinga, kisha kinga hiyo ikachujwa. Kwa hivyo dawa hukinga sumu ya nyoka waliotumika tu, au wa karibu yao sana. Ile dawa mashuhuri ya Afrika Kusini ya nyoka wengi ni nzuri kwa bafe, fira na mamba, lakini nyoka wa msasa hayumo. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa ilikuwa na dawa iliyomjumuisha, Fav-Afrique, ikaacha kuitengeneza mwaka 2014, na chupa za mwisho zikapitwa na muda mwaka 2016. Pengo hilo hujazwa na dawa za bei nafuu, nyingine zimetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India. Jina la nyoka kwenye boksi linafanana, sumu haifanani. Ghana walipobadilisha dawa namna hiyo, vifo vya walioumwa na nyoka wa msasa wa kwao vilipanda kutoka chini ya 2 kwa kila 100 hadi 12 kwa kila 100.

Niliwahi kufungua friji ya zahanati moja ya kaunti hiyo nikakuta chupa za dawa ya India, na mhudumu akiniambia kwa furaha, "Ndugu, tumepata dawa ya nyoka." Sikuwa na moyo wa kumkatiza, lakini ilibidi tukae tusome kijikaratasi chake pamoja. Msomaji unayekaa kwenye kamati ya zahanati, au una ndugu aliyemo, uliza: dawa hii imetengenezwa kwa nyoka wa wapi? Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na kukadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na waliobaki na ulemavu ni karibu mara tatu ya hao. Hapa Kenya kuna watafiti Nairobi wanaoshirikiana na chuo cha Liverpool kutafuta dawa zinazofaa nyoka wetu, na Watamu wana mfuko wa kusaidia waathirika wa pwani kupata dawa. Dadaab iko mbali na zote mbili.

Kwa aliyeumwa leo, kabla ya dawa, mambo ni machache. Mtulize na mlaze. Mvue pete, bangili, viatu na kila kinachobana, kwa sababu pakivimba pete hukata kidole. Funga mguu au mkono kwenye fimbo kama uliovunjika, usitikisike. Mpakie kwenye gari, au katikati ya watu wawili juu ya bodaboda, aende hospitali ya kambi, na wenye kuona haja wampeleke Garissa, mwendo wa kilomita mia hivi. Akitapika mlaze ubavu. Andika saa aliyoumwa.

Usikate kwa wembe, usinyonye, usichome, usiweke jiwe jeusi. Jiwe hilo linauzwa hata hapa Malindi, nalo ni mfupa uliochomwa. Hung'ang'ania kidonda kwa sababu mfupa mkavu hunyonya maji, sumu imeshaenda. Na usifunge kamba. Kuna mtoto mmoja wa Ifo niliyempokea akiwa amefungwa ukanda wa suruali juu ya kiwiko tangu usiku. Aliumwa na fira, na sumu yenyewe ingemwachia kovu. Mkono ulikatwa kwa sababu ya ule ukanda. Ukimkuta mgonjwa ameshafungwa kamba kwa saa nyingi, usiifungue njiani. Acha afunguliwe hospitali, dawa na oksijeni vikiwa karibu, maana sumu iliyozuiwa huweza kumwagika mwilini kwa pamoja.

Wenye kunitumia picha waendelee kunitumia. Ila naomba nyoka awe mzima, na mpigaji awe mbali.